Jibu: Rejimenti ya makombora haina ndege

Ndugu wa Kadutu, umeuliza kama Rejimenti ya 12 ya Royal Artillery ya Uingereza inarusha ndege, kwa kuwa inaitwa ya "ulinzi wa anga". Hapana. Ni jeshi la nchi kavu, watu wa mizinga waliopewa makombora. Hulinda askari, madaraja na makao ya makamanda dhidi ya ndege, helikopta na droni zinazopita chini. Ndege za kivita ni za RAF, jeshi la anga la Uingereza.

Jina lao lilivuma mwaka 1982, Uingereza ilipopigana na Argentina kuhusu visiwa vya Falkland. Tarehe 21 Mei, kikosi chao cha T Battery kilishushwa San Carlos, Falkland, na makombora ya Rapier. Mitambo ilikuwa imetikiswa baharini kwa wiki kadhaa, na rada za kufuatia shabaha hawakuja nazo, kwa hiyo mfyatuaji alitegemea macho na darubini. Ukungu ukishuka, basi tena. Ndege zilizotangazwa kuangushwa zilikuwa nyingi. Baada ya vita hesabu ikapungua sana, na mimi naamini hesabu ya baadaye.

Siku hizi wanatumia Starstreak: kombora linaachia mishale mitatu inayofuata mwale wa leza, mara tatu ya kasi ya sauti na zaidi. Mfyatuaji lazima ashikilie shabaha mpaka mwisho. Ila rubani akimwaga mioto ya kudanganya, haisaidii, kwa sababu halifuati joto.

Sisi wa Goma tukisikia mngurumo tunatafuta ndege juu. Hawa wanajificha vichakani, wakiingoja.