Ukirudi kwenu na watoto, usirudi kama mgeni

Juzi dada mmoja kaniandikia kutoka Mwanakwerekwe, Unguja. Ameachwa, ana watoto watatu, kodi ya nyumba imeisha, na kaka yake wa Chake, Pemba, kamwambia arudi. Anauliza kitu kimoja tu: "Nitawatazama vipi watu?" Ujumbe ule nimeusoma mara nne, maana swali hilo nami nililipakia melini miaka sita iliyopita, usiku, mtoto mdogo kanilalia mapajani, mkubwa anatapika kwenye mfuko.

Tulishuka bandari ya Mkoani asubuhi na mabegi mawili na jiko la gesi. Katika nyumba niliyoishi miaka tisa, jiko ndilo nililotoka nalo. Vyengine niliviacha kwa haya, na mpaka leo nikilikumbuka kabati langu roho inaniuma.

Mama hakuniuliza kitu. Alitandika mkeka, akawapa wajukuu uji, akaniambia, "Lala, mwanangu." Kaka akanunua sare na madaftari, watoto wakaingia skuli na chuo cha Kurani. Nikakaa eda. Kosa langu lilikuja baada ya eda: niliendelea kukaa vile vile, nakula kilichopikwa, naosha vyombo, nanyamaza. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilingoja niletewe.

Siku moja nikamsikia wifi yangu uani: "Kilo kumi za mchele siku hizi hata wiki hazifiki." Alisema kweli, lakini nililia usiku kucha, na nilimnunia mwaka mzima.

Kesho yake ya maneno yale, baada ya isha, nikawakalisha mama na kaka. Nikasema: nitakaa chumba cha nyuma na wanangu, umeme na maji atalipa kaka, mchele nitaununua mimi nikianza kupata, mama ataniangalizia mdogo mpaka adhuhuri. Kaka akakubali, akaongeza lake: nisirudiane na yule bwana bila ya wao kujua. Lilinichoma, nikalikubali. Tangu usiku ule nikaweza kula kwa mama bila ya tonge kunikwama kooni.

Msimu wa karafuu ukaingia. Nikachambua kwa pishi barazani kwa mjomba, vidole vyeusi, harufu inanifuata mpaka kwenye chai. Pesa hizo zikanunua mchele na nazi, nikaanza mkate wa kumimina. Mama mdogo ndiye mwalimu wangu. Mchele uloweke tangu jioni, usage kwa tui zito, si maji. Tia hiliki na hamira, uache mpaka utoe vipovu. Sufuria ishike moto kwanza ndipo umimine, kisha makaa juu ya mfuniko. Wa kwanza uliungua chini, kati mbichi. Wa pili ulilala kama chapati. Wa tatu mama mdogo aliukata, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kutazama matundu yake, akasema, "Huu peleka."

Miaka miwili iliyofuata nilipika tu. Nikaingia mchezo wa kuchangiana pesa na wanawake wenzangu, zamu yangu ilipofika nikanunua blenda kubwa. Mwezi uliopita nimelipa kodi ya mlango wa duka hapa Wete, mwaka mzima, kwa pesa yangu. Anayenishikia duka nikiwa jikoni ni wifi yangu yule yule.

Kwa hiyo, dada yangu, rudi. Lakini sema mapema utakaa wapi, utatoa nini, nani atabaki na watoto. Usisubiri mtu aseme uani. Kaa nao, sema, na hali ikibadilika sema tena.

Na haki ya watoto usiidharau. Mimi nilikaa miaka miwili naona aibu kudai, nikimhifadhi mtu ambaye hata pesa ya dawa hakutuma. Matumizi ya watoto si sadaka ya baba yao, ni wajibu wake mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Nenda Mahakama ya Kadhi. Sheria yake ya 2017 hapa Zanzibar inamruhusu kadhi kusikiliza matumizi, malezi ya watoto, hata mali mliyoichuma pamoja ikiwa una mchango wako. Weka risiti. Andika tarehe. Wanaokwambia "nyamaza, ni stara" hawatakununulia mwanao viatu vya skuli.

Watu watakutazama, sikufichi. Siku niliyofika, majirani walitoka mpaka barazani. Baadhi yao sasa wananigongea saa kumi na mbili asubuhi, wanataka mkate wa moto.

Chukua vyombo vyako vyote, kabati pia, kaka yako atafute gari. Nijuulishe siku ya meli nije Mkoani kukupokea. Na mdogo mpe ndimu ya kunusa mapema, kabla hamjafika Nungwi, hapo ndipo meli huanza kuyumba.