Kifaransa cha Sekondari Kimenilisha: Jibu kwa Mama Aliyeniuliza Kuhusu Tahasusi ya Mwanawe

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Singida, ambaye hatufahamiani, aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu mwanawe. Kijana amemaliza kidato cha nne, amepata B ya Kifaransa, B ya Kiswahili na C ya Kiingereza, na kwenye fomu ya uchaguzi alikuwa amejaza KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, kuwa chaguo lake la kwanza. Matokeo yalipotoka, ukoo ukamkalia kikao. Baba yake mkubwa anataka abadilishe aende PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa kuwa amepata C katika masomo yote hayo matatu ya sayansi, shangazi yake anasema kwamba lugha ni masomo ya watu wa mapokezi hotelini, na mama mwenyewe amebaki katikati, hataki kumvunja moyo mtoto wala kugombana na mashemeji zake. Ujumbe wake ulimalizika kwa swali fupi: "Kaka yangu, hivi Kifaransa kinalipa?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu maneno ya baba mkubwa huyo niliyasikia mimi mwenyewe mwaka 2005, sebuleni kwetu Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nikiwa nimeketi kwenye mkeka na fomu yangu mkononi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msomi wa familia, alisema mbele ya wote: "Wakongo wanaoshuka Kibirizi kila siku wanaongea Kiswahili. Wewe hicho Kifaransa utaongea na nani?" Watu walicheka. Miaka ishirini imepita, naye tunasalimiana vizuri na tunazikana, lakini kicheko kile bado nakikumbuka jinsi kilivyoanzia dirishani na kuzunguka chumba chote.

Aliyenitetea ni baba yangu, aliyeishia darasa la saba. Alikuwa akinunua mafuta ya mawese na dagaa kutoka ng'ambo ya ziwa, na siku moja, nikiwa kidato cha pili na nipo likizo, alinitolea bahasha ya risiti alizokuwa akipewa Uvira na Kalemie, upande wa Congo. Alikuwa amezitunza kwa miaka mingi bila kujua zinasema nini, akiamini kwamba zote ni za ushuru. Nikachukua kamusi ndogo ya shule, nikaanza kusoma moja baada ya nyingine. Tatu kati ya hizo zilikuwa na neno *amende*. Nilimweleza kwamba neno hilo maana yake ni faini. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza faini ya kosa gani, nami nikamsomea sababu iliyoandikwa chini kwa mkono: alikuwa akitozwa kwa kukosa karatasi ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anatakiwa kuwa nayo. Safari iliyofuata aliipata karatasi hiyo, na faini zikakoma. Kwa hiyo siku ya kikao, kicheko kilipotulia, alisema tu, "Mwacheni asome. Wakongo wanaongea Kiswahili, lakini serikali yao inaandika Kifaransa."

Sentensi hiyo ya baba ndiyo jibu langu kwa mama wa Singida, na yote yaliyobaki katika makala haya ni maelezo yake. Katika eneo letu hili watu huzungumza lugha moja na nyaraka huandikwa kwa nyingine, na penye pengo hilo pana kazi. Ukienda Lubumbashi, kusini mwa Congo, utanunua, utapanga chumba na utachumbia kwa Kiswahili, ingawa kina ladha yake tofauti na chetu, lakini mkataba, ankara, hati ya forodha na barua ya wakili vitakujia kwa Kifaransa. Mtu anayeweza kukaa na mteja akimsikiliza kwa Kiswahili, kisha akaisoma karatasi yake ya Kifaransa bila kuomba msaada, huyo hatafutiwi kazi na mjomba.

Sitaki hata hivyo kumdanganya mtu kwamba njia ilikuwa laini. Shule niliyosoma, mkoani Tabora, ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kifaransa, na alipohamishwa tulipokuwa kidato cha tatu, darasa la wanafunzi arobaini lilibaki na watano. Sisi watano tulijifundisha wenyewe kwa daftari la kaka aliyetutangulia na kwa redio ndogo iliyokuwa ikinasa vituo vya Burundi usiku. Kidato cha tano na cha sita vilipita, chuo kikuu Dar es Salaam nacho kikapita, na muda wote huo nilikuwa na ndoto moja, nayo ilikuwa Arusha.

Ndoto hiyo ilitokana na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuweka makao yake Arusha. Mwaka 2009 nilikwenda kuketi kwenye eneo la wasikilizaji, nyuma ya kioo, nikavaa vipokea sauti. Shahidi alizungumza Kinyarwanda, na nilipobadilisha chaneli nilimsikia kwa Kifaransa, nikabadilisha tena nikamsikia kwa Kiingereza, sauti ya mkalimani ikiwa nyuma ya shahidi kwa pumzi moja au mbili tu. Nilitoka pale nikiwa nimeshajiona ndani ya kibanda kile. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba wakalimani hukaa wawili wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili haiwezi kuhimili zaidi, kwamba kazi hiyo ina shahada yake ya uzamili, kama ile inayotolewa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwamba mahakama yenyewe ilikuwa ikielekea kumaliza shughuli zake, kama ilivyomaliza mwishoni mwa 2015.

Nilipohitimu niliomba nafasi ya ukalimani katika taasisi moja nyingine, nikaitwa kwenye usaili. Walinivalisha vipokea sauti na kunichezea hotuba ya dakika kumi. Dakika ya tatu mzungumzaji akaanza kutaja takwimu na miaka mfululizo, nikapotea, nikanyamaza, na sikuweza kurudi tena. Mjumbe mmoja wa jopo aliniambia, bila ukali wowote, kwamba Kifaransa changu ni cha daftari. Nilirudi kwa basi nikiwa nimejifunika kitenge usoni ili jirani yangu asinisemeshe. Inaniuma hadi leo, kwa sababu alisema kweli.

Baada ya miezi ya kuzurura na bahasha nilipata ukarani katika kampuni ya wakala wa forodha huko Kurasini, iliyokuwa ikihudumia mizigo ya Congo. Mwezi wangu wa pili pale ndio ulionifundisha maana ya maneno ya yule mjumbe. Mteja alipiga simu kutoka Lubumbashi kunitajia idadi ya katoni za vipuri, akasema *septante-deux*. Shuleni tulifundishwa kwamba sabini ni *soixante-dix*, yaani sitini na kumi, kama wasemavyo Ufaransa. Hakuna aliyetuambia kwamba Wakongo, kwa kuwa walitawaliwa na Ubelgiji, husema *septante* kwa sabini na *nonante* kwa tisini. Simu ilikuwa inakatakata, nami nikasikia *sept*, kisha *trente-deux*, nikaandika 732 badala ya 72. Lori lilifika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, likiwa na katoni 72 na karatasi inayodai 732. Lilikaa mpakani siku nne, gharama za maegesho zikikua kila siku, na fidia ilikatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi mitano. Mwenye kampuni aliniita mbele ya makarani wenzangu na kuniuliza digrii yangu ilikuwa ya nini.

Niliinama nikaanza upya. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili, na kila neno nililolisikia kwa wateja ambalo sikulisoma shuleni nililiandika humo pamoja na jina la mji alikotoka msemaji. Niliacha kusoma riwaya kwa muda, nikasoma fomu. Nilijifunza kwamba mzigo unaokwenda Congo unahitaji FERI, hati ya kielektroniki inayosimamiwa na shirika lao la OGEFREM, nikaisoma mpaka nikawa naweza kuieleza kila sehemu yake kwa Kiswahili chepesi hata kwa dereva. Jioni nilipiga simu kwa madereva waliokuwa njiani, kwenye ule mwendo wa karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, nikiwaomba wanisomee maneno waliyoyaona kwenye vibali vyao.

Mwaka wa tatu ikaja ankara kutoka kwa muuzaji wa Ubelgiji: bolti 400, bei ya kila moja imeandikwa 3,500 na jumla imeandikwa 1.400,00. Karani mwenzangu, kijana hodari wa hesabu kunizidi, alizidisha 400 kwa 3,500 akapata 1,400,000, akaamini kwamba muuzaji amekosea kuweka nukta, na akawa ameshaanza kusahihisha jumla kwenye tamko la forodha. Nilimshika mkono. Katika maandishi ya Kifaransa mkato ndio hutenganisha sehemu ya desimali, na Ubelgiji nukta hutumika kugawa maelfu, kwa hiyo bolti moja ilikuwa dola tatu na nusu na mzigo wote ulikuwa na thamani ya dola 1,400. Tungetamka kwamba ni dola milioni moja na laki nne. Mwenye kampuni aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata nilikabidhiwa dawati lote la Congo, na leo nina ofisi yangu, vijana wanne ninaowalipa mishahara, na nyumba ya wazazi Ujiji yenye bati jipya na maji ya bomba ndani. Nayasema haya kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Basi, mama, Kifaransa kinalipa, lakini kinamlipa anayekishika na kitu kingine mkononi. Mwanao aingie KLF huku akijua kwamba lugha inataka fani ya kuishi ndani yake: forodha, sheria, utalii, uhasibu, uuguzi, uandishi wa habari, ualimu. Lugha bila fani ni kama funguo bila mlango, na wengi wa wale waliolalamika kwamba lugha haziajiri walitoka chuoni na funguo tu. Pili, asikiache. Narudia, asikiache, hata akipangiwa shule ambayo mwalimu wake atahamishwa, hata akikaa miaka miwili bila kukutana na msemaji hata mmoja, asome kwa sauti kila siku na awe na daftari lake. Baada ya kidato cha sita afanye DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, ambao Alliance Française huuendesha, kwa kuwa cheti chake hakiishi muda na mwajiri wa nchi yoyote anaelewa kiwango chake cha B2 ni nini, wakati B ya NECTA inahitaji maelezo.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa Kifaransa umepita na sasa ni Kichina. Kichina nacho ni chema, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou na Yiwu anajua thamani ya mkalimani mwaminifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius tangu 2013. Kiarabu kina Oman na Ghuba yote, Kiitaliano kina hoteli za Kiwengwa, Kijerumani kina watalii wa Serengeti. Sishindanishi lugha. Ninachosisitiza ni kwamba mtu aangalie barabara inayopita karibu na kwao inaelekea wapi, na nani anaandika karatasi upande wa pili. Tangu Congo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, barabara yetu imezidi kunyooka kuelekea huko, na bado wateja wangu hunilalamikia kwamba hawapati makarani Watanzania wanaoweza kuandika barua moja ya Kifaransa isiyo na aibu.

Wazazi na walezi, acheni kuwacheka watoto kwenye vikao. Mtoto aliyechagua somo kwa kulipenda atalisoma hata mwalimu akiondoka. Mliyemchagulia ninyi ataliacha siku ya kwanza mwalimu akichelewa. C tatu za sayansi si dhambi, na B ya Kifaransa si mchezo. Nanyi vijana, msidhani kwamba kupenda kunatosha. Someni, andikeni, sikilizeni watu wa kawaida wakizungumza, na mkikosea kama nilivyokosea mimi, lipeni mkatwacho na mfungue daftari jipya.

Mama, mfumo wa TAMISEMI wa kubadilisha tahasusi hufungwa baada ya muda mfupi, kwa hiyo zungumza na shemeji zako mapema, na kama itasaidia, nipe namba ya baba mkubwa nizungumze naye mimi mwenyewe kwa heshima zote. Kijana naye mwambie aniandikie barua kwa Kifaransa, hata mistari mitano, akieleza kwa nini alijaza KLF. Asiipitishe kwa mwalimu kwanza. Nitaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia, na barua ya pili nitaisubiri.