Maswali ya Wasomaji: Rada iliyokufa Julai na rada iliyokufa Januari

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Julai nilipanda ndege ya mapangaboi hapa Kigoma kwenda Dar es Salaam. Kabla hatujaondoka, rubani alitutangazia kwamba rada ya hali ya hewa ina hitilafu. Injini zilizimwa, taa zikazimika na kuwaka tena, fundi aliyekuwa akisafiri na ndege akaingia kwa marubani, kisha tukaruka rada ikiwa bado haifanyi kazi. Januari iliyofuata ndege ya dada yangu ilizuiwa kuondoka Tabora, akalala huko usiku kucha, naye akaambiwa kwamba tatizo ni rada. Ikiwa ni salama kuruka bila rada, kwa nini yeye alizuiwa? Na ikiwa si salama, kwa nini sisi tulirushwa?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, maamuzi yote mawili yanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa jambo linaloyatofautisha ni hali ya hewa katika njia ambayo kila ndege ilitarajiwa kupita.

Kila shirika la ndege hupaswa kuwa na kitabu kinachotaja vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka vikiwa vibovu, pamoja na masharti ya kila kimoja. Kitabu hicho hutokana na orodha kuu ya aina hiyo ya ndege, hakiruhusiwi kulegeza masharti yake, na lazima kiidhinishwe na mamlaka ya nchi, ambayo kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa rada ya hali ya hewa, sharti la kawaida ni kwamba utabiri usionyeshe ngurumo za radi katika njia itakayopitwa. Kigoma na Tabora zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Julai anga huwa kavu na rubani anaona mbele kwa macho yake, lakini Januari mawingu ya radi hujengeka mchana na kuendelea hadi usiku, na ndege ikishaingia kwenye utando wa mawingu, rada ndiyo inayomwonyesha rubani mahali penye mvua kubwa ili apazunguke. Kwa hiyo hitilafu ile ile huvumiliwa kiangazi, lakini huizuia ndege msimu wa mvua.

Kuzimwa na kuwashwa kwa umeme, ambako najua kuliwatia hofu wengi, ni hatua inayokubalika. Vifaa vingi vya ndege za leo ni kompyuta, na baadhi ya hitilafu huondoka mfumo ukianza upya, ila marubani hufanya hivyo kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, si kwa kubahatisha. Hitilafu isipoondoka, huandikwa katika daftari la ufundi la ndege. Fundi mwenye leseni ya aina hiyo ya ndege hukitenga kifaa, mara nyingi kwa kuvuta swichi ya kinga ya umeme wake na kuivisha kishikizo cha plastiki ili mtu asiirudishe kwa bahati mbaya, kisha hubandika karatasi ndogo kando ya swichi kueleza kwamba kifaa hakifanyi kazi. Hutia saini, na nakala ya ukurasa huo hubaki chini ndege ikiondoka. Tangu hapo siku zinahesabiwa: katika mpangilio unaotumika katika nchi nyingi kuna vifaa vinavyopewa siku 3 za kutengenezwa, vingine 10, na vile visivyo na uzito mkubwa kwa usalama 120, bila kuhesabu siku hitilafu ilipoandikwa.

Dada yako huenda alijiuliza kwa nini rada haikubadilishwa palepale. Vipuri vya namna hiyo huhifadhiwa kwenye kituo kikuu cha shirika, na fundi wa magari au wa reli, hata awe hodari namna gani, haruhusiwi kuigusa ndege.

Hata hivyo, sitaki usomaji huu ukuache ukiamini kwamba saini pekee inatosha. Tarehe 20 Agosti 2008 ndege ya Spanair aina ya MD-82 ilirudi maegeshoni Madrid kwa sababu kipimajoto cha hewa ya nje kilikuwa kikipashwa moto ndege ikiwa ardhini, jambo ambalo halipaswi kutokea. Fundi alikata umeme wa kipasha moto hicho, na kitabu kiliruhusu, kwa kuwa hapakutarajiwa barafu njiani. Ndege iliondoka kwa kuchelewa, marubani hawakushusha vibawa vya kusaidia kupaa, na king'ora cha kuwaonya hakikulia. Kati ya watu 172 walifariki 154. Wachunguzi waliona kwamba huenda kifaa kimoja cha umeme kilisababisha joto lile na pia ukimya wa king'ora, ingawa hawakuweza kulithibitisha.

Ndiyo maana fundi mzuri huuliza kwanza kwa nini kitu kimeharibika, na marubani waangalifu wakisharudi maegeshoni huanza ukaguzi wao mwanzo kabisa, hata kama walikuwa wameumaliza dakika chache kabla. Hilo linakula muda. Abiria wanaogonga viti na kupiga kelele kwamba wanachelewa mazishi au kikao wana haki ya kupewa maelezo na maji ya kunywa, lakini wanamsukuma mtu ambaye wakati huo anahitaji utulivu kuliko kitu kingine chochote. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona mafuta yakivuja kwenye bawa, mwambie mhudumu mara moja, usidhani kwamba marubani wameshaona.

Jambo la mwisho katika swali lako: kitabu kinaruhusu, hakilazimishi. Fundi anaweza kuwa ametia saini na utabiri ukawa mzuri, na bado rubani mkuu akakataa kuondoka kwa sababu ya giza, uchovu au wingu analoliona upande wa mashariki. Sheria inampa yeye neno la mwisho, na rubani wa Tabora akikataa, amefanya kazi yake.