Anza na Aliyebeba Mzigo

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kuijua historia ya nchi yetu, lakini kila kitabu ninachoshika ni magavana na mikataba. Nasinzia kabla sijafika ukurasa wa kumi. Nifanyeje?" Nilikaa na ujumbe huo siku mbili, maana umenigusa palepale panaponiuma.

Nikiwa kidato cha tatu tuliulizwa athari za Vita vya Maji Maji. Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Umatumbi, kusini mwa Tanzania, alikuwa ameshanisimulia kama alivyosimuliwa na mama yake. Askari wa Wajerumani walichoma maghala, wakachoma na mtama uliokuwa bado shambani. Watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya porini. Siku moja mama huyo, akiwa mtoto, alimkuta kaka yake anatafuna mbegu zilizofichwa kwa ajili ya kupanda, na baba yao amesimama mlangoni anamtazama, hana la kumwambia.

Niliandika yote hayo kwenye mtihani. Mwalimu alipiga mstari mwekundu toka juu mpaka chini, pembeni akaandika: "Hizi ni hadithi za bibi." Alama moja kati ya kumi. Kisha akalisoma jibu langu mbele ya darasa, wenzangu wakacheka. Ni zamani sasa, lakini ule mstari bado nauona.

Historia nikaitupa. Kilichonirudisha, miaka mingi baadaye, ni kugundua kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya vita hivyo, na wanahistoria wanayategemea masimulizi hayo hadi leo. Hadithi za bibi zilezile! Siku hiyo nilijua kwamba sikustahili ile alama moja.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu, ni huu: kila ukikutana na tukio, uliza nani alibeba mzigo, alikula nini, alilipwa nini. Chukua sentensi tuliyoikariri wote: "Wajerumani walilazimisha kilimo cha pamba." Inapita kama upepo. Sasa ishushe shambani. Kuanzia 1902 Gavana Götzen aliamuru maeneo ya majumbe, wale viongozi wa vijiji, yawe na mashamba ya pamba, na watu wayalime siku 28 kwa mwaka. Pamba haingoji, na shamba lako la chakula nalo halingoji. Wilaya ya Dar es Salaam, malipo ya kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu. Umatumbini watu walikataa hata kuzipokea. Julai 1905, kule Nandete, wakaing'oa miche ya pamba, na huko kung'oa ndiko kulikokuwa kutangaza vita. Ukianzia kwenye senti 35 huhitaji kukariri sababu za vita, unazihisi mwenyewe.

Serikali ya Kijerumani ilihesabu vifo 75,000. Wapo wanahistoria waliofikisha 300,000, na wengi wa hao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa baada ya vyakula kuteketezwa. Ndiyo zile mbegu alizotafuna mtoto.

Ukishazoea kuuliza hivyo, hata mji unausoma upya. Kariakoo tunakwenda kununua vitu kila siku, na jina lenyewe limetoka kwenye kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nenda na pale kwenye mnara wa Askari, uliozinduliwa 1927. Juu amesimama askari na bunduki yake. Mpagazi hana sanamu pale, yumo kwenye maandishi tu, akitajwa kuwa alikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilisimama pale mchana wa jua kali nikayasoma mara tatu. Miguu na mikono, halafu sura hana!

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: vitabu peke yake havitoshi. Nenda kwa wazee wako. Usiwaulize "historia", watakuambia hawaijui. Waulize walikula nini mwaka wa njaa, nani alichukuliwa kwenda kukata mkonge, alirudi na nini, shamba la babu lilikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Nenda sasa, usisubiri likizo. Vijana tunakesha kwenye simu tukibishana juu ya viongozi, na wazee wanazikwa na maktaba nzima kifuani. Mimi bibi yangu alifariki kabla sijamuuliza hata jina la mama yake, yule mtoto aliyemkuta kaka yake na mbegu. Hilo sijajisamehe.

Jumamosi iliyopita nilimfuata shangazi na daftari. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Alilitaja lile jina mara moja tu, taratibu, halafu akaniambia nilirudie mpaka nilitamke sawasawa.