Risiti za mchango wa msiba: niwape au nisiwape?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya ya Waswahili hapa Columbus, Ohio. Tumeshapata hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi. Juzi mwenzetu mmoja alifariki, tukachanga dola 9,000 kusafirisha mwili hadi Tanga. Sasa waliochanga wanataka risiti wapunguziwe kodi. Niwape? Na kwa kuwa tumesamehewa kodi, bado kuna fomu za kujaza? – Mweka hazina, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Risiti ya kodi usiwape, hata wakununie.

Jumuiya kusamehewa kodi ya mapato ni jambo moja. Mtoaji kupunguziwa kodi yake ni jingine, na hulipata pale tu fedha inapokuwa ya jumuiya, nayo ikaamua yenyewe itumikeje. Mchango uliotangazwa WhatsApp kwa jina la familia moja, mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni zawadi kwa wafiwa. Thawabu yake ipo, nafuu ya kodi haipo.

Anzisheni mfuko wa misiba. Watu wachangie mfuko bila kumtaja mtu, kamati isaidie wenye shida kwa vigezo vilivyoandikwa, na kila uamuzi uwekwe kwenye faili. Usiwe wa wanachama waliolipa ada peke yao. Hicho ni chama cha kufaana, siyo hisani. Hapo atakayetoa dola 250 au zaidi mpe barua yenye jina la jumuiya, kiasi alichotoa, na maneno kwamba hakupewa kitu badala yake.

Fomu zipo. Kama mapato yenu kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, jazeni 990-N, taarifa fupi ya kila mwaka kwa IRS, mtandaoni, mwisho tarehe 15 Mei kwa wanaofunga hesabu Desemba. Ni kazi ya dakika chache. Mkimwajiri mtu, makato ya mshahara yako palepale.

Tafadhali msiipuuze hiyo 990-N. Miaka mitatu mfululizo bila kuijaza, hadhi inafutika yenyewe. Jumuiya yangu ilifutiwa hivyo. Mweka hazina wetu alihama jimbo, barua za IRS zikaendelea kwenda kwenye fleti yake ya zamani. Mpangaji mpya alinikabidhi saba, zimefungwa kwa raba, hata moja haijafunguliwa. Nililia pale mlangoni. Tuliomba upya kwa fomu 1023-EZ, dola 275, na miezi ile yote wafadhili walikuwa wanatukwepa.

Kwa hiyo angalia leo barua zenu zinafika kwa nani. Kama anwani ni ya kiongozi aliyeondoka, jaza fomu 8822-B uibadilishe.