Msiniulize mahari, niulizeni mabati

Mhariri, wiki hii mmeuliza: watu waliokaa pamoja bila kuoana wakiachana, nyumba waliyojenga ni ya nani? Ni yao wote wawili, kila mmoja kwa kadiri ya jasho lake. Na swali la mahari lisitangulie.

Nina sababu. Dada yangu alikaa miaka 9 na mwanamume hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwa, katika hizi ndoa za njoo tuishi. Yeye aliuza chapati na maharagwe karibu na steji, mwenzake aliendesha lori. Ploti iliandikwa jina la mwanamume, kwa sababu ndiye aliyekwenda kwa wakili siku ile. Dada alibaki na sufuria motoni. Lakini mabati yalitoka kwenye zamu yake ya chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa, na saruji ya vyumba viwili vya kwanza pia. Walipokosana, wazee wa pande zote waliketi, na la kwanza kuulizwa likawa: "Huyu alitolewa mahari?" Hakutolewa. Kikao kikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza mabati yalinunuliwa na nani.

Hilo linaniuma mpaka leo. Swali la mali tumeligeuza swali la ndoa, na asiyeweza kuthibitisha ndoa ananyang'anywa hata alichokinunua kwa mkono wake.

Mahakama ya Juu ilikwisha kuvitenganisha viwili hivi. Januari 2023 iliamua kesi ya watu walioanza kuishi pamoja mwaka 1986. Ilikataa kuwahesabu kuwa wanandoa, kwani mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine, na ikaonya kwamba kudhania ndoa kwa sababu tu watu wamekaa pamoja kutabaki jambo la nadra. Hata hivyo, majaji waliona kwamba wote wawili walichangia ile mali, kwa hiyo mwenye jina kwenye hati alikuwa ameshika sehemu ya mwenzake kama amana. Wakagawa asilimia 70 kwa 30. Aliyepewa 30 alikuwa mwanamume, maana hati ilikuwa na jina la mwanamke. Kwa hiyo wanaosema haya ni malalamiko ya wanawake, wafikiri tena.

Ninapobaki na kinyongo ni kwa niaba ya yule ambaye hakununua hata msumari. Alipika, akafua, akalea watoto, mshahara wa mwenzake ukapata nafasi ya kwenda kwenye ploti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaihesabu kazi hiyo kuwa mchango, lakini kwa wanandoa. Jiko ni lile lile, moshi ni ule ule! Bunge liipanue sheria hiyo.

Kwa sasa, wenzangu mnaoishi hivyo, andikisheni majina yote mawili tangu mwanzo. Tunzeni risiti za hadweya na jumbe za M-Pesa. Mkishaanza kuvutana, nendeni upesi ofisi ya ardhi mkaombe zuio, kabla ploti haijauzwa.

Dada amelipata daftari la zamani la chama. Katibu aliandika kwa mkono wake: jina la dada, tarehe, "mabati 30". Amempelekea wakili. Kodi ya vile vyumba bado inaingia kwa simu ya yule mwanamume kila mwezi.

Msomaji, Nakuru