Mlima Hanang Haukulipuka: Majibu kwa Walimu wa Jiografia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha darasa la sita mkoani Manyara. Wanafunzi wangu hutaja bila kusita nguvu za ndani na nguvu za nje za dunia, lakini nilipowauliza ni nguvu ipi iliyoleta tope Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang, mwaka 2023, wengi walijibu kwamba mlima ulilipuka, na wachache wakasema ilikuwa adhabu ya Mungu. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, anzia hapo hapo Katesh, na orodha ya nguvu ije baadaye. Tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu wa mvua kubwa za El Niño, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope lililobeba mawe na magogo likashuka hadi mjini na katika vijiji vya jirani kama Gendabi, likaua zaidi ya watu 80. Uvumi wa volkano ulienea upesi, lakini Serikali ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi hadi ikashindwa kujishikilia.

Hata hivyo, usiwakatishe tamaa waliotaja volkano, kwa sababu nusu ya ukweli wanayo. Hanang wenyewe, unaopanda zaidi ya meta 3,400, ulijengwa na volkano zamani sana, katika ukanda wa Bonde la Ufa ambako ganda la dunia linatanuka polepole, milimita chache tu kwa mwaka, na kuruhusu miamba iliyoyeyuka kupanda juu. Nguvu za ndani ndizo zilizoinua mlima na kuupa miteremko mikali. Nguvu za nje, yaani jua, mvua na mizizi, zikaichakaza miamba yake kwa maelfu ya miaka. Kisha mvua ya siku chache ikakamilisha kazi. Mwanafunzi anayeeleza mfuatano huo kwa maneno yake mwenyewe ameelewa zaidi ya yule aliyekariri fasili mbili.

Kiini cha somo ni kazi ya maji, na hapo ningetumia kipindi kizima. Chukua sinia la bati, weka ndani yake udongo mkavu wenye mchanga, kisha inua upande mmoja taratibu huku mwanafunzi akipima pembe ambayo udongo unaanza kuteleza. Rudia jaribio kwa udongo wenye unyevu kidogo, nao wataona unastahimili pembe kali zaidi, jambo ambalo huwashangaza watoto wengi. Mara ya tatu, mimina maji mpaka udongo ushibe. Safari hii utaporomoka mapema na kutiririka kama uji, kwa sababu uzito umeongezeka na, lililo kubwa zaidi, maji yaliyojaa katikati ya chembe yanazisukuma zisibanane, msuguano unapungua, na uvutano wa dunia unabaki bila mpinzani wa kutosha.

Kabla ya kumimina maji hayo, chora mkondo katikati ya udongo, panga visanduku vya kiberiti mdomoni mwa mkondo, na vingine pembeni penye mwinuko. Tope litakuwa lile lile, lakini visanduku vya pembeni vina nafasi kubwa ya kubaki. Waulize kwa nini. Hapo ndipo watakapotenganisha tishio la asili, yaani tukio lenyewe, na maafa, yaani madhara yake kwa watu, tofauti ambayo vitabu vingi huipitia kwa sentensi moja. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, linafaa kwa mjadala huo huo, kwani lingelitokea chini ya nyika isiyo na makazi, lisingeangusha nyumba za matofali zisizo na nondo.

Kuhusu adhabu ya Mungu, usibishane na imani ya nyumbani. Eleza jinsi tope lilivyotokea, na usikubali darasani kauli yoyote inayowabebesha marehemu lawama. Kumbuka pia kwamba shuleni kwako huenda wamo watoto waliopoteza ndugu. Wape taarifa mapema, na asiyetaka kushiriki jaribio asilazimishwe.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kwale, Kenya. Je, niwafundishe wanafunzi wangu kuhusu tsunami, au hilo ni jambo la Asia?

JIBU: Wafundishe. Tetemeko la tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea karibu na Sumatra, lakini mawimbi yake yalivuka Bahari ya Hindi kwa saa kadhaa, yakaua watu nchini Somalia, Kenya na Tanzania. Katika bahari yenye kina kirefu wimbi hilo hukimbia kwa kasi ya ndege ya abiria bila kuonekana kubwa. Likifika penye maji machache hupunguza mwendo na kupanda. Watoto wa pwani wanajua maji kupwa na kujaa kuliko mtu yeyote, kwa hiyo waeleze hivi: bahari ikikauka ghafla, nje ya saa zake za kawaida, wasiende kuokota samaki walioachwa mchangani. Wakimbilie mahali palipoinuka, wawaite wenzao njiani, na wasirudi ufukweni baada ya wimbi la kwanza, kwa kuwa linalofuata linaweza kuwa kubwa zaidi.